Mahali pa Kumwita Mama

Niseme mapema kwamba mdogo wangu hajawahi kuiba kitu cha mtu. Nalisema sasa kwa sababu nikishaanza kusimulia nitamkasirikia, na mimi nikikasirika haki naiweka pembeni. Mtaani wanamwita Volyumu. Jina alilipata utotoni, kwa ile tabia yake ya kuchuchumaa mbele ya redio ya baba na kuipandisha na kuishusha sauti mpaka achapwe. Siku hizi ni mtu mzima, ana nywele zilizosukwa na miwani isiyomsaidia kuona chochote, na watu wa nchi za mbali wanamkatia tiketi ya ndege ili akawachezeshe muziki. Mimi ni dada yake mkubwa, fundi wa makochi. Yeye akibonyeza kitufe watu wanaruka, mimi nikipiga misumari watu wanakaa.

Kwenye ukoo wetu kuna ngoma ya kuaga. Haipigwi harusini wala haipigiwi mgeni rasmi, na zamani ukiipiga kwa kujifurahisha ulikula kofi la mtu mzima yeyote aliyekuwa karibu. Inapigwa makaburini, jeneza likiwa linashushwa. Ngoma ni moja tu, kubwa, na mpigaji ni mmoja. Wanawake wanaimba. Halafu, katikati kabisa, ngoma inakatika na wanawake wanafunga midomo. Katika kimya hicho mtoto wa kwanza wa marehemu anasogea ukingoni na kumwita marehemu kwa jina lake la nyumbani, lile ambalo hata majirani hawalijui. Anaita mara moja. Ngoma inarudi, na udongo unaanza kumwagwa. Tuliambiwa kwamba asiyeitwa haondoki. Anabaki amekaa mlangoni mwa nyumba yake, hayumo ndani wala hayupo nje, anasubiri kuambiwa kwamba anaweza kwenda.

Unaweza kucheka. Mimi mwenyewe nilikuwa nacheka, mpaka baba alipofariki na zamu ya kuita ikawa yangu.

Ngoma ilikatika, nikasogea, na koo likafunga. Nilifungua mdomo hakikutoka kitu. Nilisimama pale nikitazama mbao za jeneza, sijui kwa muda gani, ila watu walianza kukohoa na kuhamisha miguu, na mjomba mmoja asiye na haya akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Mtoto si aite basi, jua kali hili." Aliyekuwa akipiga ngoma ni baba mdogo, mdogo wake marehemu baba. Alikuwa ameinua mikono yote miwili juu ya ngoma, ananitazama usoni. Hakunikonyeza wala hakunihimiza. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni na mikono ikaanza kumtetemeka, lakini hakuishusha. Nilipoita hatimaye, kwa sauti ya kukwaruza ambayo hata sikuitambua, ndipo mikono ikashuka. Ndivyo nilivyojifunza kwamba kimya kile hakipimwi. Kinakwisha mtoto akishaita, basi.

Miaka mingi baadaye Volyumu akaja nyumbani na maikrofoni.

Alitaka kurekodi ngoma ya kuaga. Mama alikataa katakata. Aliyelegea ni baba mdogo. "Shemeji, mimi nimeshazeeka," alimwambia mama. "Mwanafunzi ninaye mmoja, na akili yake iko kwenye simu muda wote. Nikifa leo, angalau itabaki kwenye hiyo mashine ya kijana." Mama akakubali shingo upande.

Walirekodia karakana kwangu, kwa sababu ya sponji. Volyumu alisema sponji zinameza mwangwi, kwa hiyo mzigo wangu wote wa kutengenezea viti ukasimamishwa ukutani. Kazi zangu zikalala, na mimi na mama tukaambiwa tukae tusipumue kwa nguvu. Baba mdogo akasafisha koo, kama kawaida yake kabla ya kuanza, akapiga. Alipofika mahali pa kimya akainua mikono na kusubiri. Volyumu akamwashiria kwa kidole aendelee. Baba mdogo hakumwona, au alijifanya hamwoni. Tukakaa hivyo, mikono ikiwa juu, mpaka mama akasema, "Shemeji, hakuna aliyekufa. Endelea." Ndipo akaendelea.

Nyie mlioisikia ile nyimbo, hayo hamkuyasikia. Volyumu aliyakata. Alikata kimya, akakata maneno ya mama, akaunganisha kabla na baada, akaweka chini yake besi ya kutikisa vifua na mlio fulani kama wa kengele ya lifti, akaiacha ngoma ya baba mdogo izunguke na kuzunguka.

"Pale katikati umepapeleka wapi?" nilimuuliza aliponisikilizisha.

"Dada, kile kimya kinaua mdundo. Watu wakiwa wanacheza ukiwanyamazishia tu, wote wanaenda kununua soda."

"Wacheze nini? Hiyo ni ngoma ya maiti."

"Ilikuwa," alisema, na wala hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anayekupa habari njema. "Sasa inaishi."

Na kweli iliishi. Iliishi saluni, kwenye simu za wapita njia, kwenye duka la vifaa vya umeme mkabala na karakana yangu. Siku moja mteja alikuja kuchagua kitambaa cha viti huku akitingisha kiuno na kuiga kwa mdomo mapigo yale yale yaliyomshusha baba kaburini. Nilimwambia kitambaa anachokitaka kimekwisha. Kilikuwa kimejaa rafu nzima nyuma yangu, anakiona. Tulitazamana, akaondoka. Harusini nako ikafika, na bibi harusi akaingia ukumbini nayo, amependeza, akinamama wakipiga vigelegele. Mama alikuwa kati ya waalikwa. Alinyanyuka taratibu, akaenda kukaa nje kwenye ngazi mpaka ilipokwisha. Mtu akamuuliza kama ni presha.

Sisemi Volyumu hakutukumbuka. Jina la baba mdogo alilitaja kila mahali, na kwa mama alileta kochi la ngozi kutoka dukani. Fikiria, mtu ana dada fundi wa makochi! Ngozi yenyewe ilikuwa ya uongo, ilianza kubanduka kabla hatujaizoea, nikalivua lote na kulivisha upya bila kumwambia mtu.

Kisha yakaja maonyesho. Nyimbo ilikuwa haitoshi tena, ikabidi iwe sanaa. Tulipelekwa mimi, mama na baba mdogo kwa gari lenye kiyoyozi mpaka kwenye jengo jeupe lenye sakafu ya kuteleza. Chumba kilikuwa kimetiwa giza kwa makusudi. Spika zilining'inia kwa nyaya kutoka darini, na katikati, juu ya meza ndogo yenye taa yake, ilikaa ngoma yetu. Ngoma ile ile, kubwa, ya ukoo. Volyumu alikuwa ameiazima "kwa muda". Ilikuwa imezungushiwa kamba, na mbele yake kuna kibao kilichoandikwa Tafadhali Usiguse. Baba mdogo aliiona ngozi imelegea upande mmoja, akanyoosha mkono kukaza. Mlinzi akamdaka kiwiko, kwa adabu kabisa. "Mzee, samahani, hairuhusiwi kugusa."

Baba mdogo akarudisha mkono mfukoni. Hakusema yeye ni nani. Mimi nilitaka kusema, na ningesema mpaka jengo lile lijue, ila alinibana mkono akanikataza.

Mama alikuwa amekaa sakafuni, amekunja miguu, kitenge kimefunika magoti, kama anavyokaa msibani. Ngoma ilikuwa ikizunguka kwenye spika. Nilimwona anatikisa kichwa kidogo kidogo, anafuata, na kila ilipokaribia mahali pa kimya alikuwa anainua uso. Ngoma inapita. Anainamisha uso, anafuata tena, anainua, inapita. Alifanya hivyo mpaka nikashindwa kumtazama. Msimamizi wa maonyesho, mama mmoja mwenye hereni kubwa na sauti laini, akaja kumchutamia. "Mama, unajisikiaje kusikia urithi wako hapa?"

Mama akamtazama. "Mnamzika nani humu?" aliuliza. "Mbona hammalizi?"

Yule mama akashika kifua, akasema hilo ni swali zito sana. Wiki iliyofuata tukasikia limeandikwa ukutani kwa herufi kubwa, mlangoni kabisa, likiwa sehemu ya kazi. Volyumu alitutumia picha. Aliweka na alama ya moyo.

Baba mdogo hakumaliza mwaka. Yule mwanafunzi wake alikuwa ughaibuni na bendi ya Volyumu, anapiga jukwaani huku amevaa vitu masikioni vinavyomhesabia, na hata angekuwepo, ngoma yenyewe ilikuwa imesafiri na maonyesho. Tulimshusha baba mdogo kwa nyimbo za midomo tu. Mahali pa kimya hapakuwepo, maana hapakuwa na kilichokatika. Mwanawe wa kwanza aliita alipoona anaweza kuita, katikati ya wanawake wanaoimba, na nusu ya watu hawakusikia. Aliyewapigia wengine wote akaondoka hivyo. Mama hakulia siku ile. Aliuma meno tu, njia nzima ya kurudi.

Akaanza kuugua yeye. Nilihamishia cherehani nyumbani kwake, nikawa nashona foronya za viti huku namtazama. Akili yake ilikuwa timamu na ulimi wake ulikuwa vile vile. Aliniambia mshono wangu umepinda, na kweli ulikuwa umepinda. Kisha mchana mmoja akaniambia niache mashine kidogo.

"Mimi sitaki kukaa mlangoni," alisema.

"Mama, usianze."

"Sianzi, namaliza. Nataka niitwe. Nataka niitwe mahali pake, ngoma ikiwa imenyamaza, watu wote wanasikia. Si kwenye kelele kama shemeji. Ni wewe wa kuniita, sina mwingine."

Nikamwambia nitamwita. Akanitaka niseme tena. Nikasema tena.

Alipofariki sikupata nafasi ya kulia, nilikuwa natafuta ngoma, maana yetu ilikuwa bado iko safarini na maonyesho. Nilienda kwa vijana wanaopiga kwenye masherehe, wana ngoma nzuri, mpya, na sare. Kiongozi wao hakunipa nafasi ya kueleza. "Ile ya kuaga? Ile ya Volyumu! Tunaijua vizuri, dada." Wakaipiga hapo hapo barazani, wakitabasamu, viuno vikienda, na walipofika mahali pa kimya wakapita bila hata kujua kwamba pana mahali. Nikawasimamisha, nikawaambia hapa mnanyamaza. Wakatazamana. "Lakini kwenye nyimbo haipo," akasema kiongozi. Walikuwa tayari kujaribu, nawapa haki yao. Ila nilimfikiria mama chini na vile viuno juu, nikashukuru nikaondoka.

Volyumu alikuwa ameshatua, peke yake, bendi na yule mwanafunzi wamebaki huko. Nilimkuta karakana kwangu amekaa juu ya bunda la sponji, macho mekundu, kompyuta mapajani. Tukakumbatiana. Nikamweleza mama alichotaka, na vijana walivyopiga.

"Sauti ya baba mdogo ninayo," alisema. "Safi, bila besi, bila chochote. Tuweke spika pale makaburini. Atakuwa ni yeye mwenyewe anampigia mama, dada. Nani mwingine angempigia vile?"

Damu ilinichemka kwanza. Kumzika mama kwa spika! Halafu nikawaza, baba mdogo wa kwenye mashine au wale walio hai? Nikaona afadhali wa kwenye mashine.

"Na kimya?" nikauliza.

Akakuna kichwa. "Kimya chenyewe nilikifuta. Sikujua kama kitahitajika." Alisema akiwa ameinama. "Lakini naweza kukirudisha. Naingiza nafasi tupu pale pale. Niambie tu, niweke sekunde ngapi?"

"Hakina sekunde."

"Najua. Lakini hii haijui. Lazima niiandikie namba."

"Si uisimamishe kwa mkono? Nikishaita, uiachie."

"Dada, mimi ndiye mtoto wa kiume. Nitakuwa nimeshika kamba ya jeneza. Nimpe nani kompyuta? Akibonyeza vibaya itaingia ile ya besi, mbele ya watu wote. Hapana. Naipanga, inajiendesha yenyewe, hatuna wasiwasi."

Hakuwa mjinga aliposema hayo, na mimi sikuwa mjinga nilipokubali. Aliniomba niite ili apime. Nikasimama kati ya makochi yaliyovuliwa vitambaa, nikatamka jina la mama la nyumbani kwa sauti kavu, kama mtu anayejaribu maikrofoni. Lilikwisha mara moja. Volyumu akatazama namba zake, akaongeza mara tatu, akaongeza na kidogo "ya kuvuta pumzi". Akanisikilizisha. Nilikaa nikisubiri kile kimya kiishe na nikakiona kirefu, kirefu mno, nikamwambia kinatosha.

Siku ya mazishi watu walijaa. Wengine walikuja kwa ajili ya mama, wengine, sitaki kuwasingizia, walikuja kumwona Volyumu. Spika ilisimamishwa nyuma ya rundo la udongo na kufunikwa kitenge ili isichukize macho. Nilikuwa nimejikaza tangu asubuhi. Nilikuwa nimepanga viti, nimegombana na mwenye turubai, nimemkumbusha kila mtu mahali pa kusimama. Nilijiambia koo langu siku hizi ni la mtu mzima, si la yule msichana wa siku ya baba.

Volyumu akabonyeza, akakimbilia kamba. Na kabla ya ngoma, kwenye spika, baba mdogo akasafisha koo.

Hicho sikukitegemea. Volyumu alikuwa amekiacha, nadhani kwa mapenzi. Wanawake wazima waligeuka kutazama nyuma yao. Ngoma ikaanza, jeneza likaanza kushuka, wanawake wakaimba, na mimi kifua kilikuwa kimeshavunjika. Baba, baba mdogo, mama, wote walinijia kwa mkupuo. Ngoma ikakatika. Wanawake wakafunga midomo. Kimya kikawa kimya kweli, hata watoto walitulia, kilikuwa kile kile alichokitaka mama. Nikasogea ukingoni, nikafungua mdomo, koo likafunga.

Sikuogopa. Nilijua hali ile, nilishawahi kuwa ndani yake. Nilijua kwamba nikivuta pumzi na kusubiri, sauti itapanda yenyewe. Nikageuza uso kumtafuta aliyeinua mikono. Nikaona kitenge juu ya spika. Nikavuta pumzi, sauti ikaanza kupanda, herufi za kwanza za jina la mama zikafika mdomoni, na ngoma ikarudi.

Ilirudi kwa nguvu, mahali pake hasa, bila kukosea. Wanawake wakadakia kuimba kwa sababu ndivyo walivyofundishwa tangu usichana, ngoma ikirudi unaimba. Wenye majembe wakaanza kumwaga udongo. Nilipiga kelele. Nililiita jina lote, nikaliita tena, jambo ambalo halifanywi, nikaliita mpaka wifi yangu mmoja akanishika mabega na kuniambia, "Lia, lia tu, lia umalize." Walidhani nalia. Ng'ambo ya kaburi Volyumu alikuwa ameiachia kamba, ananitazama, midomo wazi, na nikaona kwamba ameelewa. Aliruka rundo la udongo kwenda kwenye kompyuta. Alipofika na kuizima, jeneza lilikuwa halionekani tena.

Watu walikula, wakasema mazishi yalikuwa mazuri. Fundi mmoja wa mitambo alimsifu mdogo wangu kwamba sauti ilikuwa safi sana kwa sehemu ya wazi vile. Walipokwisha kuondoka nilikwenda kukaa mlangoni kwa mama, kwenye kizingiti, nikakaa upande mmoja ili nisizibe nafasi. Volyumu akaja akachuchumaa mbele yangu. Alikuwa amelia mpaka miwani ameivua.

"Dada, nisikilize," alisema. "Tutalirekebisha. Njoo studio. Utaita polepole, hata ukitaka siku nzima, hakuna atakayekuharakisha. Nitaliweka mahali pake, pale pale, halafu tutakwenda makaburini, sisi wawili tu, tutampigia. Atasikia. Mama atasikia, dada."

Nilitaka kumzaba kofi, lile la zamani, la mtu mzima yeyote aliye karibu. Mkono ulikuwa tayari. Nikamtazama alivyochuchumaa, nikatazama nafasi tupu niliyoiacha pembeni yangu kwenye kizingiti.

Nikamuuliza, "Lini?"